Navaratri: Sikukuu ya Wahindu ya Mungu Mama na Jibu la Kurani Tukufu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Chamwino, mkoa wa Dodoma)

Baada ya Tashahhud, Taawudh na Sura Fatiha, mhutubu alisema:



Kila mwaka, baina ya mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati ardhi yetu ya Ugogo imekauka na kila mwenye shamba anatazama mbingu akingojea mvua za Desemba, majirani zetu Wahindu husherehekea sikukuu inayoitwa Navaratri. Vijana wetu wanaotoka hapa Chamwino na vijiji vyake kwenda kufanya kazi katika maduka na viwanda vya Dodoma mjini na Dar es Salaam huwaona matajiri wao wakifunga, wakiwasha taa na kucheza usiku mpaka usiku. Wakirudi nyumbani huuliza: Je, hii ni sikukuu gani? Tunaruhusiwa kuwapa heri? Tunaruhusiwa kula wanachotupa?

Maswali haya ni mazuri, lakini majibu wanayopewa mara nyingi si mazuri. Wengine huwajibu kwa kicheko, wakisema kwamba watu hawa wanaabudu ng'ombe na midoli. Wengine huwajibu kwa ghadhabu, kana kwamba jirani yake amemtukana yeye binafsi. Kicheko na ghadhabu si elimu. Mwislamu ameamrishwa katika Sura Bani Israili asifuate jambo asilokuwa na ujuzi nalo, kwani sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Kwa hiyo leo, kwa msaada wa Mwenyezi Mungu, nitaeleza kwanza sikukuu hii ni nini kwa wenyewe wanaoiadhimisha. Kisha nitaeleza Kurani Tukufu inatupa jibu gani. Na mwisho nitawaomba tujitazame sisi wenyewe.

WAHINDU WA AFRIKA MASHARIKI

Yafaa tuanze kwa kutofautisha Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe wa dini yoyote ile. Wahindi wengi wa nchi yetu ni Waislamu, kama vile Ithnaashari, Ismailia na Bohora. Wengine ni Kalasinga. Wengine ni Wakristo wa Goa. Mhindu ni yule anayefuata dini ya Kihindu, ambaye wazee wetu wa pwani walimwita Banyani. Wengi wa Wahindu wa huku walitoka magharibi mwa India, yaani Gujarat, Kathiawar na Kutch.

Watu hawa si wageni wa jana. Zama za Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, forodha ya Unguja ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa kutoka Kutch. Sultani Mwislamu alimwamini Mhindu kwa mapato ya dola yake. Bidhaa zilizokopeshwa na wafanyabiashara wa Kihindi kule Unguja zilibebwa na misafara iliyopita katika nchi hii yetu, ikitua Mvumi na kulipa hongo kwa watemi wa Kigogo kabla ya kuendelea Unyanyembe. Baadaye reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma mwaka 1910, maduka ya Wahindi yalifuata njia ya reli. Hivyo hata Mgogo ambaye hajapata kuiona bahari, nguo aliyovaa babu yake huenda ilipita katika mkono wa Banyani.

Leo mtu akipita Kisutu jijini Dar es Salaam, au katika Mji Mkongwe wa Unguja, atayaona mahekalu yao. Katika siku za Navaratri, wanaume, wanawake na watoto hukusanyika mahali pamoja na kucheza kwa kuzunguka duara. Hayo ndiyo yanayoonekana kwa nje. Sasa tuangalie maana yake.

MAANA YA SIKU TISA

Neno Navaratri ni la Kisanskriti, na maana yake ni masiku tisa, yaani nyakati tisa za usiku. Sikukuu huangukia mwezi wao wa Ashwin, nao huhesabu miezi kwa mwandamo kama sisi, ila huongeza mwezi baada ya kila miaka michache ili miezi isihame majira ya mwaka. Kule India ni wakati ambao mvua kubwa zimekwisha na mavuno yanakaribia.

Anayeabudiwa katika siku hizo ni mungu wa kike ambaye Wagujarati humwita Mata au Amba, maneno yenye maana ya mama. Na mahali pengi hujulikana kwa jina la Durga. Masimulizi yao yanasema kwamba alikuwapo jitu dhalimu mwenye umbo la nyati, jina lake Mahishasura. Huyu alikuwa amepewa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayeweza kumwua. Kwa kutegemea ahadi hiyo akajaa kiburi, akawashinda hata miungu na kuwafukuza mahali pao. Ndipo nguvu za miungu wote zikakusanyika na kuwa mwanamke mmoja, Durga, akapigana naye siku tisa, na siku ya kumi akamwua. Siku hiyo ya kumi huitwa Dussehra au Vijayadashami, yaani siku ya kumi ya ushindi. Katika sehemu za kaskazini mwa India siku hiyo huchomwa masanamu makubwa ya Ravana, adui wa Rama. Kule Bengal hutengenezwa masanamu ya udongo ya Durga, yakaabudiwa kwa siku kadhaa, na mwishowe yakatoswa mtoni. Yapata siku ishirini baadaye huja Diwali, ambapo Lakshmi, anayehesabiwa kuwa mungu wa kike wa neema na mali, huombwa. Na wafanyabiashara wa Kigujarati huviombea baraka vitabu vyao vipya vya hesabu.

Dunia nayo imezitambua sherehe hizi. Shirika la UNESCO liliingiza sikukuu ya Durga ya mji wa Kolkata katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2021, na mchezo wa Wagujarati uitwao garba mwaka 2023.

Katika mchezo huo wa garba limo jambo ambalo ndilo kiini cha hotuba yangu. Katikati ya duara huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa inawaka. Wachezaji hukizunguka chungu hicho. Jina garba linatokana na neno la Kisanskriti garbha, lenye maana ya tumbo la uzazi. Chungu ni mfano wa tumbo la uzazi, na taa ni uhai uliomo ndani yake. Kwa hiyo watu wale wanaocheza usiku kucha, ukiwauliza wenye elimu miongoni mwao, watakuambia kwamba wanamshukuru yule aliyewabeba, aliyewalea, na anayewapigania dhidi ya dhuluma, kama mama anavyompigania mtoto.

Ndugu zangu, anayetafuta mama mwenye huruma na nguvu si mtu wa kuchekwa. Kiu yake ni ya kweli. Swali letu ni hili tu: je, maji anayoyaendea ndiyo yatakayoikata kiu hiyo?

KURANI TUKUFU YATUFUNZA HESHIMA

Kabla ya kulijibu swali hilo, tusikilize adabu tuliyofunzwa. Katika Sura Al-An'aam Mwenyezi Mungu amewakataza waaminio wasiwatukane wale wanaoombwa badala Yake, isije wenye kuwaomba wakamtukana Yeye kwa uadui na bila kujua. Ona hekima ya amri hii. Haikusema kwamba masanamu ni haki. Imesema kwamba tusi halimwongoi mtu, bali humfunga macho, na dhambi ya tusi la pili inamrudia pia yule aliyeanza.

Tena Kurani Tukufu, katika Sura Faatir, inatufahamisha kwamba hakuna taifa ambalo halikupata kupitiwa na mwonyaji. Na katika Sura An-Nahl kwamba katika kila umma alipelekwa mtume mwenye kuwaita watu wamwabudu Mwenyezi Mungu na wajiepushe na mashetani. Kama ni kila umma, je, Bara Hindi lenye watu wengi namna ile liliachwa gizani? Haiwezekani. Kitabu chetu kinaanza kwa kumsifu Mola wa walimwengu wote; hakusifiwa kuwa Mola wa Waarabu peke yao.

Hii ndiyo sababu Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika hotuba iliyotolewa mjini Sialkot tarehe 2 Novemba 1904, alitangaza waziwazi kwamba Krishna, ambaye Wahindu wanamheshimu, alikuwa mtume wa kweli wa zama zake, na kwamba mafundisho yake yaliharibiwa baadaye katika mambo mengi. Na katika kitabu chake cha mwisho, Ujumbe wa Amani, alichokiandika mwezi Mei 1908 katika siku za mwisho za uhai wake, na ambacho kilisomwa mjini Lahore tarehe 21 Juni 1908 baada ya kufariki kwake, aliwaalika Wahindu na Waislamu wafanye mapatano: Wahindu wamkubali Mtume Muhammad s.a.w. kuwa mkweli na waache kumvunjia heshima, nasi tuziheshimu Veda na watakatifu wao. Akafika mpaka kusema kwamba, kwa ajili ya amani ya kweli, hata kuchinja ng'ombe kungeweza kuachwa, kwani kitu kilicho halali si lazima kuliwa.

Wazee wangu wafugaji wa Chamwino, hebu lipimeni neno hilo. Sisi tunajua ng'ombe ni nini. Ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya mtoto, ni akiba ya mwaka wa njaa, na ni kitoweo cha sherehe. Mtu kusema yuko tayari kuiacha nyama yake, ambayo Mungu amemhalalishia, ili moyo wa jirani upate utulivu, hiyo si sadaka ndogo. Lakini zingatieni pia kwamba katika mapatano hayo hakusema hata mara moja kuwa yuko tayari kuiacha Tauhidi. Nyama aliitoa, Tauhidi hakuitoa. Huo ndio mpaka wetu.

KURANI TUKUFU YATUFUNZA TAUHIDI

Sasa tulirudie swali. Waarabu wa zama za ujinga nao waliabudu miungu ya kike. Kurani Tukufu katika Sura An-Najm imewataja watatu kwa majina yao: Lata, Uzza na Manata, kisha ikasema kwamba hayo ni majina tu waliyoyatunga wao na baba zao, wala Mwenyezi Mungu hakuyateremshia dalili yoyote.

Lakini Kurani Tukufu haikuishia hapo. Katika Sura An-Nahl inafichua jambo la ajabu: watu walewale waliomsingizia Mwenyezi Mungu kuwa na mabinti, mmoja wao akipewa habari kwamba mkewe amezaa mtoto wa kike, uso wake husawijika, akajificha watu wasimwone, akawaza kama amweke kwa fedheha au amfukie udongoni. Hekaluni alimsujudia mwanamke wa jiwe, na nyumbani alimfukia mwanamke wa nyama na damu. Ibada ile haikumlainisha moyo.

Wahindu wenye insafu wamelikiri jambo hili katika nchi yao wenyewe. Katika nchi ambamo Durga anaabudiwa, palikuwapo desturi ya kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe, mpaka sheria ilipoipiga marufuku mwaka 1829, na miongoni mwa waliopigania kuifuta alikuwamo Mhindu mwenyewe, Ram Mohan Roy. Na mwaka 1994 Bunge la India lililazimika kutunga sheria ya kukataza kupima jinsia ya mtoto aliye tumboni, kwa sababu mimba za watoto wa kike zilikuwa zikitolewa. Siyasemi haya ili kuwaaibisha. Nayasema ili tuone kwamba sanamu, hata liwe la mama, halina uwezo wa kumwadhibu anayemdhulumu mama. Halioni, halisikii, halihesabu.

Zaidi ya hayo, Mwenyezi Mungu hana jinsia. Yeye si mwanamume, wala si mwanamke. Hakuzaa wala hakuzaliwa. Mwenye kumgawa Mungu katika mume na mke amekwisha kumshusha katika hali ya viumbe, na kiumbe hakiwezi kumwokoa kiumbe mwenzake. Hata miongoni mwa Wahindu wako wanaolikataa sanamu. Jumuiya ya Arya Samaj, iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na yenye tawi Nairobi tangu mwaka 1903, hufundisha kwamba Mungu hana umbo na haifai kumtengenezea sanamu. Kwa hiyo tukizungumza na Mhindu juu ya Mungu Mmoja, tusidhani kwamba tunamletea neno ambalo halijapata kusikika katika nyumba yake.

RAHMANI NA TUMBO LA UZAZI

Hapa ndipo lilipo jibu la kiu ile. Tumeona kwamba garba maana yake ni tumbo la uzazi. Kwa Kiarabu tumbo la uzazi huitwa rahim. Na jina ambalo Mwislamu hulitaja mwanzo wa kazi zake, anapokula na anapoanza safari, ni Rahmani. Rahim na Rahmani ni maneno ya shina moja. Mtume s.a.w. ametufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu amelitoa jina la tumbo la uzazi katika jina Lake Mwenyewe. Basi anayeunga undugu wa tumbo, Yeye humwunga, na anayeukata, Yeye humkata.

Rahmani ni yule anayetoa kabla ya kuombwa. Mtoto aliye tumboni hakuomba damu impe chakula, wala hakuomba maziwa yawe tayari siku atakayozaliwa. Vyote vilitayarishwa. Vivyo hivyo jua, hewa na mvua vilitayarishwa kabla ya sisi kuwa na kinywa cha kuomba. Kwa hiyo yule Mhindu anayeizunguka taa iliyo ndani ya chungu hakukosea kuona kwamba nyuma ya uhai huu iko rehema inayofanana na ya mama. Amekosea pale alipoipa rehema hiyo umbo la kiumbe, akasimama kwenye chungu na asimfikie Mfinyanzi.

Imesimuliwa katika Hadithi sahihi kwamba waliletwa mateka mbele ya Mtume s.a.w., na miongoni mwao alikuwamo mwanamke aliyekuwa akihangaika kumtafuta mtoto. Alipompata alimkumbatia kifuani na kumnyonyesha. Mtume s.a.w. akawauliza masahaba kama mwanamke yule angeweza kumtupa mtoto wake motoni. Wakajibu kwamba hawezi kamwe, maadamu ana uwezo wa kutomtupa. Ndipo akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu ana huruma zaidi kwa waja Wake kuliko mama yule kwa mtoto wake. Mtume s.a.w. hakusema kwamba Mungu ni mama. Alimchukua mama kuwa kipimo, kisha akakivuka kipimo hicho.

Hili, ndugu zangu, ndilo la kumwambia jirani: "Unachokitafuta kwa Amba, mimi nimekipata kwa Rahmani. Yeye hana sanamu la kutoswa mtoni siku ya kumi. Rehema Yake haina masiku tisa. Ni ya kila usiku." Lakini mlango wa maneno haya haufunguki kwa mtu aliyecheka jana. Hufunguka kwa mtu ambaye jirani anajua kwamba anamheshimu.

MIPAKA YETU NA WEMA WETU

Nije sasa kwenye maswali ya vijana. Je, tunaruhusiwa kushiriki ibada yenyewe, kusujudu, kutia uvumba, kuvaa alama yao au kuzunguka kile chungu? Hapana. Hiyo ni ibada, na ibada yetu ni ya Mwenyezi Mungu peke Yake. Sura Al-Kaafirun imeuweka mpaka huu bila matusi: wao wana dini yao, nasi tuna dini yetu.

Je, chakula kilichowekwa mbele ya sanamu kwa ajili ya ibada? Mwislamu na ajiepushe nacho, lakini akikatae kwa lugha laini. Aseme, "Nashukuru, ndugu yangu, dini yangu hainiruhusu hiki," wala asikitupe chini na kumwudhi aliyempa kwa upendo. Ama peremende na vyakula halali ambavyo jirani anakupa kwa ujirani tu, hiyo ni hidaya, na hidaya hupokewa na kurudishiwa hidaya. Ikifika Idi, naye apelekewe.

Je, tuwatakie heri? Kumwombea jirani afya, amani na uongofu ni jambo jema siku zote, hata siku ya sikukuu yake. Katika Sura Al-Mumtahina Mwenyezi Mungu anasema kwamba hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa sababu ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na Mtume s.a.w. aliwapokea Wakristo wa Najran ndani ya msikiti wake wa Madina, na wakati wao wa sala ulipofika akawaacha wasali humo humo. Je, sisi tuna wivu wa dini kuliko yeye?

Na kijana aliyeajiriwa na Mhindu ajue kwamba mahubiri yake ya kwanza ni uaminifu wake. Akihesabu fedha ya tajiri wake sawasawa wakati haonekani, amemwonyesha kwamba yuko Mungu aonaye bila macho ya udongo.

TUJITAZAME SISI WENYEWE

Mwisho, nawaomba tugeuze uso kutoka nyumba ya jirani tuelekee nyumba yetu. Ni rahisi kuliona sanamu lililo kwa mwenzako, kwa maana limepakwa rangi na kuwashiwa taa. La kwetu limefichwa ndani ya nguo. Mwislamu anayecheka sanamu la Durga, naye amemfunga mwanawe hirizi mkononi na kuamini kwamba ngozi ile iliyoshonwa ndiyo itakayomkinga na homa, ana tofauti gani na anayechekwa? Jirani amemfanya mungu wake wa udongo; yeye amemfanya wa ngozi.

Nchi yetu hii ni nchi ya ukame. Wazee wetu walimwendea mtemi mwenye mawe ya mvua, nao hawakuwa wamefikiwa na ujumbe. Hukumu yao iko kwa Mola wao. Lakini sisi tuliofikiwa, mvua ikichelewa, kuna wanaoswali adhuhuri msikitini na jioni wakachanga kuku mweusi wa kumpelekea mganga. Mtume s.a.w. ametuachia sala ya kuomba mvua. Basi mwaka mvua ikikawia, na tutoke uwanjani, wanaume, wanawake na watoto, tumwombe Rahmani Mwenyewe, wala tusimwombe aliye na kiu kama sisi.

Na iko shirki iliyofichika zaidi, ambayo ni kuitukuza rehema kwa ulimi na kuikata kwa mkono. Tumesema kwamba rahim imetokana na Rahmani. Vipi basi tunalitendea tumbo la uzazi? Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba katika mkoa wetu wa Dodoma karibu nusu ya wanawake walikuwa wamekeketwa. Sheria ya nchi tangu mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Kurani Tukufu haina hata aya moja inayoamrisha jambo hilo. Na bado wako wanaolifanya gizani, wakamkata mtoto mchanga ili asiweze kusema, kisha wakasingizia dini. Mwarabu wa zamani alimfukia binti yake mzima. Sisi tukimfukia nusu, tutamjibu nini Mwenye jina la Rahmani siku ambayo, kama ilivyotajwa katika Sura At-Takwiir, binti aliyefukiwa ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa?

Mtume s.a.w. alipoulizwa na mtu ni nani anayestahiki zaidi wema wake, alimjibu kwamba ni mama yake. Akaulizwa tena, akamtaja mama. Akaulizwa mara ya tatu, akamtaja mama. Na mara ya nne ndipo alipomtaja baba. Je, mjane wa Chamwino anapata fungu lake la mirathi, au ndugu wa marehemu huwaswaga ng'ombe kabla ya arubaini? Binti anapelekwa shule, au anageuzwa kuwa bei ya mifugo? Haya ndiyo mambo ambayo Mhindu ana haki ya kutuuliza siku tutakapomwambia kwamba Mungu wetu ana huruma kuliko mama. Atataka kuiona huruma hiyo katika nyumba za wanaomwabudu. Asipoiona, hotuba zetu zote hazitamfaa kitu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, Navaratri itakapofika tena na taa zikawashwa kwa majirani zetu, tusicheke wala tusikasirike. Tujiulize tu: je, jina la Rahmani tunalolitaja mara nyingi kila siku limetuwashia taa gani katika nyumba zetu, juu ya mama zetu, wake zetu na binti zetu? Mwenye taa hiyo ndiye anayeweza kumwonyesha mwenziwe njia.

Mwenyezi Mungu atujalie elimu kabla ya hukumu, adabu kabla ya hoja, na vitendo kabla ya maneno. Atuepushe na shirki ya dhahiri na ya siri, awaongoe majirani zetu kwenye chemchemi ya Tauhidi, nasi atufanye kuwa rehema kwao. Ainyweshe ardhi yetu kwa mvua yenye manufaa. Amin.

Wa akhiru daawana anilhamdu lillahi rabbil-aalamin.